Uso wa Kutuma Kabalo

Kwa kazi ya foto hapa Kalemie, mimi Rosine hakuna anayenifikia. Uliza muntu yeyote, isipokuwa Papa Salomon wa labo ya kuchapa foto.

Mwaka 2017, vita ikiwa imefunga njia, Mama Marceline alikuja kwangu. Siku ya kukimbia, mutoto wake alibaki Kabalo kwa dada yake, angali ananyonya. Sasa ana miaka mitatu, na Marceline akipiga simu, mutoto anaikimbia sauti yake. Simu ya dada yenyewe ya tochi, haioneshi foto. Padri mumoja, ambaye wapiganaji walimuachia njia, alikuwa anakwenda kule na pikipiki Ijumaa saa sita.

"Abebe uso wangu," Marceline akasema. "Mutoto asinisahau kabisa."

Nikamupiga foto, nikamutengeneza kwenye ordinateri, kompyuta yangu, mpaka nikajipigia makofi. Aling'aa! Papa Salomon akachapa, ikatoka giza tupu, utafikiri tulimupigia ndani ya gunia la makaa.

"Papa Salomon, umemuchapa ao umemuchoma?"

"Ordinateri yako njo mwongo. Umewasha kioo mpaka mwisho, kinawaka sawa taa ya bar. Karatasi haina balbu ndani, binti yangu."

Iliniuma, maana alisema kweli. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikaweka karatasi kando yake, nikaangaza foto yenyewe. Ya pili ikatoka nyekundu kama mawese. Tukatukanana vizuri, naye akapunguza wekundu. Ya tatu, Ijumaa saa tano na nusu, ikafanana na kioo kabisa. Nikacheza mule ndani bila haya.

Marceline akaitazama, akaanza kulia.

"Mwanamuke muzuri huyu. Lakini mutoto hamujui. Kinundu changu cha shingoni kiko wapi? Alikuwa anakishika akinyonya."

Ala! Mimi njo nilikifuta, kwa sifa zangu tu. Nilisikia haya mpaka kwenye masikio. Nikarudisha shingo kama ilivyokuwa, Salomon akachapa, padri akaitia ndani ya Biblia pikipiki ikinguruma.

Baada ya wiki mbili dada ya Marceline akapiga simu, sisi wote tukiwa labo. Mutoto halali bila foto. Anasugua ile shingo mpaka asinzie, na sasa rangi imetoka, pamebaki peupe.

"Analia, anauliza mama amekwenda wapi. Tuma ingine."

Salomon alikuwa amekwisha kuwasha mashini. Marceline akamuambia azime, akauliza padri anakwenda tena lini.

"Kule watu wanakufa," nikamuambia.

"Najua, Rosine. Lakini shingo ya karatasi imeisha."

Padri alipoondoka tena kwenda Kabalo, Marceline alipanda nyuma ya pikipiki yake, nami nililia mbele ya watu.