Joho la Soketi

"Hii mikono ya nani?" Mama Pasi aliuliza.

Flashi alikuwa mpiga picha wa mtaani. Alivua kofia, akajikuna kipara, akaitazama ile picha iliyotandazwa juu ya meza ya kupigia pasi kana kwamba naye ndiyo kwanza anaiona. Kichwa kilikuwa cha Soketi, hilo halikuwa na ubishi: paji lile pana, macho yale ya mtu anayejizuia kukucheka usoni. Lakini kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa joho jeusi lenye ukanda wa kijani, na mikononi alishika cheti kilichokunjwa na kufungwa utepe.

"Nimekuuliza, Flashi. Na hii pete? Mwanangu kaolewa lini, akiwa kaburini?"

"Ni mikono ya mpwa wangu, dada," Flashi alisema. "Yule mrefu. Chuo walitaka marehemu wao wote wawe ndani ya joho. Sasa picha zenyewe nilizoletewa, Mungu atusamehe! Huyu kapigwa kwenye kitambulisho, yule yuko harusini na glasi mdomoni, mwingine kambeba mbuzi. Ningefanyaje? Nikamvika mpwa wangu joho, nikampiga moja nzuri, halafu nikawa napachika vichwa."

"Wote?"

"Wote. Hata yule mhandisi mkubwa aliyejenga madaraja. Kompyuta haina upendeleo, dada."

Siku nyingine Mama Pasi angecheka mpaka ashike mbavu. Watu wa mtaa walimjua kwa kicheko chake kabla ya kumjua kwa pasi. Lakini siku hiyo hakucheka. Tangu Soketi afe alikuwa amelia, amesali, amenyamaza, amepokea mikono ya pole mpaka kiganja kikachoka. Hasira ilikuwa haijapata nafasi. Sasa ilikuja yote kwa mpigo.

Nyuma yake, kwenye waya uliokatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, yalining'inia majoho ya walio hai. Kila mwaka chuo kilimletea. Kitambaa cha majoho kina hila. Ukikipiga pasi kikavu, kinang'aa kama makalio ya suruali kuukuu; ukikilowesha kupita kiasi, kinajikunja na hakinyooki tena. Kinataka kitambaa chepesi chenye unyevu katikati yake na pasi, na mkono usio na papara. Mama Pasi alikuwa na mkono huo. Alikuwa hajawahi kuunguza nguo ya mtu, na hilo ndilo lililowafanya watu wavuke mitaa mingine yote wamletee yeye. Aliendelea kuyapokea majoho ya chuo hata baada ya walichomtenda mwanawe, kwa kuwa mtu hagombani na sufuria yake.

Na walichomtenda kilikuwa hivi. Soketi alisomea umeme, akafika mwaka wa mwisho. Katika karakana ya chuo nyaya zilikuwa zimechubuka, swichi zikining'inia kama meno ya mzee, na siku moja mwenzao akanaswa, akatolewa mkono umeungua hadi kiwiko. Soketi akasema hawaingii tena mle mpaka nyaya zibadilishwe. Wenzake wakamfuata. Mkuu wa chuo akauita uchochezi. Yakatafutwa majina ya mashahidi wa kutia sahihi, yakapatikana, na binti akarudi nyumbani na godoro lake kichwani, mchana kweupe, watu wakimtazama. Hakulia. Aliliweka godoro chini, akasema, "Mama, leo mpini wa pasi yako nitautengeneza mimi." Tangu siku hiyo akawa fundi wa mtaa mzima. Nyumba za watu zikawaka taa kwa mikono yake, na watoto wakambandika jina la Soketi.

Mikono yake hasa. Kidole gumba cha kushoto kilipinda, kiliwahi kubanwa na koleo. Kucha hazikuwahi kuwa safi. Kiganja kilikuwa kigumu, ukikishika unadhani umeshika kandambili. Ndiyo mikono iliyoishusha swichi kuu ya soko siku ya mafuriko, maji yakiwa kiunoni, nyaya zimeangukia ndani ya maji na watu wamepanda juu ya meza za mboga wakipiga mayowe. Swichi ilishuka. Watu walitoka salama. Yeye walimtoa baadaye.

Redio zikamtaja. Magazeti yakamtaja. Hapo ndipo chuo kilipokumbuka kwamba kiliwahi kuwa na mtoto huyo.

"Peleka hii ulikoitoa," Mama Pasi alisema, akiisukuma picha. "Waambie yule wa kwao sikumzaa mimi."

"Dada, maonyesho ni leo. Ukuta wa Kumbukumbu unazinduliwa leo mchana. Mimi nimekuletea uione kwa heshima tu, wala hawakuniagiza."

Kabla Mama Pasi hajamjibu, gari lilisimama nje na Katibu akaingia. Alikuwa katibu wa chama cha waliosoma chuo kile, mwanamke nadhifu mwenye kitambulisho kifuani, na alikuja kuchukua majoho. Zamani hakuwa katibu wa chochote. Alikuwa binti mwembamba aliyelala kitanda cha juu bwenini, Soketi cha chini, na kila Jumapili walikuja wote wawili kula katika chumba hiki hiki, wakisukuma nguo za watu pembeni ili wapate pa kuketi.

"Shikamoo, Mama."

Mama Pasi hakuitikia. Salamu ile ilibaki hewani, na Flashi akainama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari.

"Umeiona," Katibu alisema, macho kwenye picha.

"Nimeiona. Nieleze wewe, maana huyu anasema yeye ni fundi vichwa tu. Mwanangu alipata cheti lini?"

Katibu alishusha pumzi. "Mama, nisikilize kwanza. Kamati ilikataa. Walisema ukuta ni wa waliohitimu. Mimi ndiye niliyesimama nikawaambia, nchi nzima inamlilia mtoto huyu, sisi tutamwachaje nje? Tukabishana kutwa. Mwisho wakasema haya, awekwe, ila avae joho kama wenzake, na ya kale yasitajwe. Avae joho au asiwepo. Ningefanya nini? Nilitaka awepo."

"Kwa hiyo ukakubali."

"Nikakubali."

"Kama ulivyokubali siku ile."

Nje mtu aliita muuza maji. Katibu alivuta kiti, akaona hajakaribishwa, akakiacha.

"Mkuu alisema asiyetia sahihi naye anafungasha," alisema taratibu. "Nilikuwa mtoto, Mama. Nyumbani wadogo zangu walikuwa wananingoja mimi."

"Na huyu hakuwa mtoto? Wewe ulikula kwangu! Ulikula, ukashiba, ukafungiwa na cha kubeba. Ukaenda ukaandika kwamba mwanangu ni mchochezi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi mwenye kazi ya nguo sikukuona." Sauti yake ilipanda. "Akiwa mzima mlimwita mchochezi, kafa mnamwita shujaa. Mnampenda sasa kwa kuwa hawezi kufungua mdomo. Na hata hivyo hamkutosheka. Mmemkata mikono!"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Niambie mnavyosema huko kamatini, na mimi niseme kistaarabu."

Katibu alirekebisha kitambulisho kifuani. Akageukia waya. "Majoho yako tayari?"

Labda alitaka tu kubadilisha mazungumzo. Labda aliona saa inakwenda. Vyovyote vile, lilikuwa swali baya kwa wakati mbaya.

"Yako tayari," Mama Pasi alisema. "Bado moja."

Aliichukua pasi ya mkaa kutoka kwenye kigae chake. Akaipuliza upande, majivu yakaruka. Akalamba ncha ya kidole, akaigusa chini: chii! Kitambaa chenye unyevu alikiacha palepale kilipokuwa. Kisha akaishusha pasi juu ya picha, chini ya kidevu cha mwanawe, akaanza kulipiga lile joho.

"Dada!" Flashi aliruka. "Utatuchoma sote!"

Hakuharakisha. Alianza na bega, akashuka na mkono wa joho, kama apigavyo mkono wa joho lolote. Karatasi ilivimba, ikatoka malengelenge, ikatoa harufu kali ya plastiki iliyowafanya wote watatu wakohoe. Ukanda wa kijani ukawa kahawia, kisha mweusi. Alipofika kwenye mikono ya mpwa wa Flashi alisimamisha pasi hapo na kuiegemea kwa uzito wake wote. Pete ikaenda. Cheti kikaenda, na utepe wake. Akainua pasi, akairudisha kwenye kigae. Uso wa Soketi ulikuwa haujaguswa.

"Chukua," alimwambia Katibu. "Majoho yenu sijaunguza hata uzi, maana kazi ni kazi. Na huyu wangu naye yuko tayari. Mtundikeni hivyo au msimtundike. Kwa kusitiriwa na joho la mpwa wa mtu, hapana."

Katibu aliitazama picha kwa muda. Flashi alidhani atalia, akajiandaa kutazama pembeni. Hakulia. Aliifunga kwa uangalifu ndani ya gazeti, akaweka majoho juu ya mkono wake, akatoka. Flashi alibaki mlangoni na kofia yake.

"Hawatamtundika, dada," alisema. "Ungekubali tu. Ukuta ni ukuta."

"Nenda kwako, Flashi."

Alipoondoka, Mama Pasi aliketi. Alijua Flashi anasema kweli. Kwa pasi yake mwenyewe alikuwa amemtoa mwanawe ukutani. Kesho redio zitakuwa na mashujaa wengine, na mtaani, watoto waliombandika jina watakua, watahama. Alifikiri hayo yote, na bado hakujuta. Alijuta tu kutoiweka pasi ile mapema, kwenye karatasi ya mashahidi.

Mchana alikwenda chuoni. Hakualikwa wala hakuzuiwa. Mlinzi wa getini alidhani kaleta joho lililosahaulika. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ukuta wa Kumbukumbu ulichukua upande mzima, na marehemu walikuwa wamepangwa kwa safu ndani ya fremu za dhahabu, kila mmoja na joho lake, kila mmoja na cheti chake, kila mmoja na mikono ileile mirefu na pete ileile. Hakuna aliyeliona hilo. Kila aliyekuja alikuja kwa uso mmoja tu. Mjane mmoja alikuwa amesimama karibu na fremu ya mumewe, akiigusa ile pete juu ya kioo kwa ncha ya kidole, machozi yakimtiririka. Mama Pasi aligeuza uso. Kumwambia kungekuwa ukatili, na ukatili wa siku hiyo alikuwa na watu wengine wa kuupelekea.

Alitembea hadi mwisho wa safu. Akamkuta.

Walikuwa wamemtia kwenye fremu kama alivyo. Kichwa, na chini yake kovu kubwa jeusi lililokunjamana nyuma ya kioo. Watu walipofika pale walipunguza mwendo, wakanong'onezana, wakasonga. Mbele kabisa, kwenye viti vyenye mito, Mkuu wa chuo alikuwa amekwisha kuiona. Ni yuleyule, mvi tu ndizo zilizoongezeka. Alimwita mhudumu kwa kidole, akamwambia kitu sikioni, na mhudumu akatoka upesi.

Katibu alikuwa kwenye kipaza sauti, ndani ya joho lililonyooka vizuri kuliko yote, akisoma maisha ya marehemu mmoja mmoja. Huyu alijenga madaraja. Huyu alifundisha hadi alipoishiwa sauti. Huyu alipenda mpira na watoto wake. Watu walipiga makofi kwa upole. Mhudumu alirudi na ngazi begani, akapita ukutani akiomba radhi, akaisimamisha chini ya fremu ya mwisho.

Katibu aliiona ngazi. Akafungua ukurasa mwingine.

"Mwenzetu wa mwisho alikuwa fundi umeme," alisema. "Wengi mnajua alivyokufa. Alisoma hapa hadi mwaka wa mwisho, kisha..." Aliitupia ngazi jicho tena. "Kisha akaacha masomo."

"Hakuacha!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mama Pasi alikuwa amesimama nyuma, mgongo ukutani, aproni ya kazi bado kiunoni.

"Hakuacha," alirudia. "Sema alivyotoka. Ulikuwepo."

Mkuu aliinuka nusu, akatabasamu kwa watu kama mwenye nyumba ambaye mtoto kamwaga uji mbele ya wageni. Akamwashiria mhudumu aendelee na kazi. Katibu alisogea karibu na kipaza sauti, lakini kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Alifukuzwa."

"Sauti!" Mama Pasi alisema. "Huku nyuma hatusikii."

"Alifukuzwa," Katibu alisema, na safari hii vipaza sauti vilivuma pande zote za ukumbi. "Na mimi nilitia sahihi."

"Bado hujamaliza. Kwa kosa gani?"

Mkuu alikuwa amesimama wima sasa. Mhudumu alikuwa na mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza cha ngazi, mkono mmoja umeshika fremu. Hakupanda, hakushuka. Alikuwa amegeuza shingo, kama wengine wote, akimtazama Katibu mdomoni.