Mbuzi wa Deodata Amekata Kamba

"Kahama, tunaondoka! Kahama!" Konda alipiga ubavu wa basi kwa kiganja, na abiria walioshuka Nyakanazi kununua mahindi ya kuchoma wakaanza kukimbia. Wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Deodata, macho ameyafumba, hedfoni zimemjaa masikioni, anatikisa kichwa kwa raha zake.

"Kaka, gari lako hilo!" Deodata alimwambia.

Jamaa akatabasamu, akainua dole gumba.

Deodata akamvuta mkono. Jamaa akafumbua macho, akaona basi linatambaa kuelekea barabarani, akatoka mbio. Hedfoni zikaenda naye. Simu ya Deodata ilikuwa imefungwa mezani kwa kamba ya katani, na pini ya hedfoni ilizungushiwa utepe mweusi ili isichomoke, maana wateja wengine mikono yao mirefu. Waya ukanyooka, ukakaza, ukakatika.

"Samahani, sista!" Jamaa alipaza sauti kutoka dirishani, akazirusha hedfoni. Zikatua kwenye vumbi, zikavuta mkia.

"Mbuzi amekata kamba!" Khalidi, fundi simu wa kibanda cha pili, alipiga kelele huku akicheka. Muuza mahindi naye akacheka. Deodata alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka pia, ingawa moyo ulikuwa unamuuma.

Hedfoni hizo ziliitwa mbuzi kwa sababu mbuzi ndiye aliyezinunua. Mama yake Deodata alimpa mbuzi jike kutoka Bugarama, wa kuanzia maisha, naye akamuuza, akaenda Kahama, akarudi na kiboksi kidogo kinachong'aa. Zile za bei chee alikuwa ameshazimaliza nyingi tu, na kila moja ilikufa kabla hajaizoea. Muuzaji alimwapia kwamba hizi ni orijino, ukizivaa husikii hata radi. Hapo hakudanganya. Mteja akizivaa alikuwa hasikii honi, hasikii konda, hasikii hata jina lake mwenyewe. Kwa mahali ambapo basi linasimama muda wa kukojoa tu, hicho kilikuwa kilema, lakini Deodata alikigundua leo.

Kazi yake ilikuwa kuuza nyimbo. Bando limepanda bei, watu hawataki kumaliza vocha kwa kusikiliza wimbo mmoja, basi wanakuja na memori kadi zao anawajazia: kwaya, ngoma za Kihangaza, nyimbo za harusi za Kisubi, na vigoma vya madereva wa malori. Lakini hakuna anayenunua wimbo bila kuuonja. Zamani wateja walionja kwa spika. Kisha Bwana Rogasian, msimamizi wa vibanda, akatangaza kwamba muziki unaisumbua ofisi, akaja na mgambo wakaibeba hiyo spika.

Ofisi yenyewe ilikuwa imeshikana ukuta na kibanda cha Deodata. Wiki iliyofuata, dirishani pa ofisi kukatokea spika. Bwana Rogasian akaitambulisha kwa fahari: "Kipaza sauti kipya cha ofisi." Tangu siku hiyo alitangaza kuanzia asubuhi mpaka jioni: ushuru umepanda, takataka zizolewe, ni marufuku kupiga muziki. Deodata aliijua spika yake. Ilikuwa na kikohozi fulani ikipewa maneno mengi, na kila ilipokohoa ilimchoma. Alipokwenda kuiulizia aliambiwa kwamba siku msimamizi akisikia tena muziki kutoka kwake, kibanda kinapewa mtu mwingine. Kwa hiyo bila mbuzi, hakuna kibanda.

Khalidi aliziokota hedfoni, akazipuliza vumbi.

"Tengeneza haraka, Khalidi. Mama Tecla wa Bisibo anakuja saa hizi kuchagua nyimbo za harusi ya binti yake. Nyimbo zote, za sherehe nzima!"

"Ushamtayarishia pilau?"

"Tengeneza, wewe!"

Khalidi alitoka ukoo wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, watu wa kanzu na maneno matamu, na hakuna kazi aliyoifanya kimya. Akauchuna waya, akatoa nyuzi nyembamba kama nywele, akazipitisha kwenye moto wa kibiriti kuzitoa rangi, akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha. Wakati wote huo alikuwa anampa pole mbuzi. Mwisho akaweka masikioni, akakunja uso.

"Sikio la kushoto limepona, dada yangu. La kulia limeng'oka ndani kabisa. Hilo tulizike."

"Moja linatosha," Deodata alisema, akajitia moyo.

Halikutosha. Mama Tecla alishuka kwenye bodaboda na kitenge chake kipya, shikamoo na marahaba zikapita, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akawekewa sikio la kushoto. Akasikiliza kwa makini sana.

"Mwanangu, hawa mbona hawaimbi?"

"Wanaimba, mama. Subiri kidogo."

"Nasikia ngoma tu. Ngoma, ngoma, ngoma. Waimbaji wamekwenda kula?"

Deodata akaipokea hedfoni, akasikiliza. Aliyerekodi nyimbo zile alikuwa amewaweka wapiga ngoma upande wa kushoto na waimbaji wote upande wa kulia. Bibi harusi wa watu alikuwa anaagwa na ngoma tupu.

"Mimi siwezi kununua nyimbo za harusi kama kuku ndani ya gunia," Mama Tecla alisema, akianza kunyanyuka. "Wakwe watanicheka. Kuna kijana Biharamulo mjini ana spika, nitaenda kwake."

Deodata alisikia kibanda kinamtoka mikononi. Akamshika kitenge. "Mama, ngoja. Nakurushia kwenye simu yako, usikilize hapo hapo. Leta simu."

Akawasha bluetooth. Tangu spika ichukuliwe hakuwa ameigusa. Akaugusa wimbo, na kabla hajaitafuta simu ya Mama Tecla, simu yake ikatafuta rafiki yake wa zamani.

Upande wa pili wa ukuta, Bwana Rogasian alikuwa anasema, "Ndugu wananchi, narudia, ni marufuku kabisa kupiga..." Ikasikika tiriri, kisha ngoma zikaanguka stendi nzima, na waimbaji wao safari hii, na vigelegele.

Deodata aliganda. Khalidi alidondosha bisibisi. Muuza mahindi akaacha kupepea jiko.

"Eee, kumbe wanaimba!" Mama Tecla alisema, na mabega yake yakaanza kucheza yenyewe. Dereva mmoja wa lori akashuka akauliza huo wimbo unapatikana wapi. Watu wakajaa. Konda wa basi la Ngara akawa anacheza na abiria wake, gari likamsubiri yeye.

Bwana Rogasian alitoka ofisini maiki mkononi, jasho linamtiririka.

"Deodata! Zima muziki!"

Ndani ya Deodata kulikuwa na kicheko kinachotafuta njia. Akainua hedfoni yenye sikio moja.

"Mheshimiwa, mimi natumia hedfoni, kama ulivyoagiza. Huo muziki unatoka ofisini."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo.

"Ni spika yako hiyo imeharibika!"

Watu wakageukiana. Hata Bwana Rogasian alisikia alichosema.

"Yangu?" Deodata aliuliza kwa adabu zote. "Basi nije niichukue, mheshimiwa?"

Msimamizi akawatazama watu, akakohoa kama spika. "Nilimaanisha... ni ya ofisi. Khalidi! Wewe ni fundi, njoo uizime hii kitu."

"Mali ya ofisi, mzee wangu?" Khalidi akarudisha mikono nyuma. "Bila kibali cha maandishi siigusi. Nitakuja kushtakiwa bure."

Bwana Rogasian akarudi ndani, akachomoa waya wa umeme, wimbo ukakatika. Spika hakuirudisha, na wala hakuna aliyetegemea airudishe. Ila Mama Tecla alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. "Nipe huo," alisema, "na mwingine wenye vigelegele zaidi." Nyuma yake dereva wa lori alikuwa ameshatoa memori kadi, na nyuma ya dereva kulikuwa na watu.

Deodata aliwajazia mmoja mmoja.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, spika ilirudi hewani. Bwana Rogasian hakuweza kukaa jioni nzima bila kutangaza. "Ndugu wananchi," alianza, na spika ikakohoa, "kuhusu suala la kelele..."

Kibandani palikuwa na mama mwingine, ameketi kwenye ndoo, anataka kuonja wimbo wa kwaya. Khalidi akanyanyua macho kutoka kwenye kazi yake, akamtazama Deodata. Muuza mahindi naye akageuka.

"Utasikia vizuri tu, mama," Deodata alisema, akaipeleka simu chini ya meza na kuweka dole gumba kwenye bluetooth.