Njia Iliyokipita Kisima

Mtu aliyekulia kufuata ng'ombe waliopotea hawezi kuiona njia ya miguu asijiulize inakwenda wapi. Ndiyo maana Tsuma, aliyetoka nyika kavu ya Kinango kuja Galu, kando ya bahari, kutafuta kiwanja katika mwaka wa pili wa Uhuru, alisimama ghafla akaacha kumsikiliza muuzaji wake.

Muuzaji alikuwa Shutu, mzee wa mtaa, mtu wa maneno laini na kofia safi. Alikuwa akikisifu kiwanja: mchanga mwepesi kuchimba, minazi inayozaa, barabara hapo hapo, na juu ya yote kisima mlangoni. Maji Tsuma alikuwa amekwisha kuyaonja. Matamu. Lakini kando ya kisima kile kulikuwa na njia nyembamba, imelika kwa nyayo mpaka ikazama, nayo ilikipita kisima bila kugeuka, ikaelekea juu, mbali na bahari.

"Hii njia ya nani?" aliuliza.

Shutu alisema ni ya mbuzi. Tsuma akatazama vumbi. Mbuzi hawatembei kwa mstari mmoja, tena hawadondoshi matone ya maji wakirudi.

Kwake yeye hilo halikuwa la kupuuza. Mkewe, Mbodze, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuteka maji, akirudi jua la utosi. Wakati wa kuomba kura diwani aliahidi silanga, lile bwawa la kuchimba. Trekta lilikuja kweli, likachimba nyuma ya nyumba ya diwani, likaondoka. Siku moja Mbodze alirudi, akalitua debe taratibu maji yasimwagike, akajilaza, asiamke tena. Wakubwa walituma rambirambi. Sasa debe lile lilikuwa kichwani mwa Chiku, binti yao wa pekee, na Tsuma alikuwa ameuza ng'ombe wote kasoro mmoja ili amtue. Angeweza kununua kiwanja kimoja tu maishani mwake. Akikosea, basi.

Shutu alimhimiza, akasema kuna tajiri wa Mombasa anakuja Ijumaa. Tsuma akaomba siku chache za kufikiri.

Kesho yake akaketi kando ya njia. Akapita bibi kizee, Esha, jirani wa kiwanja kile, ndoo kichwani, akakipita kisima kama asiyekiona. Tsuma akamwamkia shikamoo, akamwuliza mbona anakwenda mbali na maji yako hapa. Esha aliitikia marahaba, akasema miguu yake inapenda kutembea. Siku ya pili akasema anafuata kivuli. Siku ya tatu akasimama.

"Wewe mtu wa Kinango, umekuja kununua ardhi au kuninusa nyayo?"

"Vyote, bibi."

Akacheka. Kisha akatazama upande wa nyumba ya Shutu, kwa maana mzee wa mtaa ndiye anayepeleka majina ya watu kwa chifu, na jina likipelekwa vibaya halirudi salama. Hayo Uhuru haukuyabadilisha. Akashusha sauti.

"Yaonje maji yale mwezi ukiwa mpevu."

Ijumaa ikapita. Tajiri wa Mombasa hakuonekana. Mwezi ulipopevuka likaja bamvua, bahari ikapanda kuliko siku zote, na Tsuma akaenda kisimani pamoja na Shutu. Maji yalikuwa yamepanda karibu na ukingo. Akapiga funda moja, akatema chumvi.

"Ni siku chache tu, bwana," Shutu alisema. "Yatarudi kuwa matamu."

"Na kiu yangu niiambie ingoje?"

Akamwacha hapo, akaifuata njia. Ilivuka barabara, ikapanda kwenye mawe na miiba ambako hakukuwa na mnazi hata mmoja, ikaishia kwenye kisima cha zamani chenye kifuniko cha mbao. Esha alikuwapo, anateka. Tsuma akanywa, akanywa tena. Bahari haikuwa imefika huku. Akauliza mawe haya ni ya nani.

"Yangu. Aliniachia marehemu mume wangu."

"Siku zote hizo usiniambie una ardhi?"

"Hukuniuliza ardhi. Uliniuliza njia."

Esha alimkatia kipande upande wa juu, kwa sharti moja, kwamba njia isifungwe. Watu wa Galu walicheka: mtu ameacha minazi na barabara, amenunua mawe. Shutu alisema watu wa nyika wamezoea tabu, wakiikosa huitafuta. Tsuma akajenga nyumba yake pembeni, akaiacha njia ipite.

Chiku alifika na debe la mamake. Kesho yake aliamka kungali giza, kama alivyozoea, akatoka kimya. Tsuma alikuwa bado anapuliza moto wa uji aliposikia debe likitua. Binti alisimama mlangoni, akatazama mashariki, ambako hakukuwa hata na dalili ya jua.

"Nimemaliza, baba," alisema. "Sasa nifanye nini?"

Katika nyumba yao hapakuwahi kuwa na mtu wa kuuliza swali hilo asubuhi. Tsuma akamsogezea kigoda.