Kona ya Osmar

Mtoto wa miaka tisa alipita kwenye kona iliyomuua babu yake huku anatafuna soseji, na kitufe cha mafuta hakukiachia hata kidogo.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, ukumbini pale klabuni, mjini kwetu Arrecifes, Jumapili mchana, nyama ikiiva uani. Watu walishangilia. Baba yangu, Anselmo, hakushangilia. Alikuwa akimtazama Bi Delia, bibi yake yule mtoto, na Bi Delia alikuwa akimtazama yeye.

Mwaka 1991 magari ya mbio bado yalipita barabara za watu, na dereva alikaa na msaidizi wa kumsomea vipimo vya injini. Msaidizi wa baba alikuwa Osmar, mume wa Delia. Kwenye kona iliyo baada ya ghala la nafaka walikuta mvua iliyokuwa imenyesha pale tu, barabara yote nyuma ikiwa kavu. Mkia wa gari ukateleza, ukaondoka. Baba alitoka na bega lililovunjika. Osmar hakutoka.

Mji ukaamua kwamba dereva wa maana angelishika gari lile. Hakuna aliyemwambia baba usoni, walimwambia kwa kunyamaza anapoingia kununua mkate. Delia hakumsalimia miaka ishirini na sita, na nyumba zao zinatenganishwa na mitaa miwili.

Kwa hiyo mimi na Fabricio tulipoanza kutengeneza mchezo wa mbio za kompyuta, nilijua ninamtengenezea nani. Fabricio tulisoma naye tangu tukiwa na meno ya utotoni. Yeye alishika picha na mauzo, mimi nikashika mwendo wa gari: uzito, tairi, breki, namna linavyokataa. Miaka miwili baba alikaa kwenye kile kiti chenye usukani, macho kayafumba, akinisuta.

"Mkia mwepesi huo, mwanangu. Hilo gari au baiskeli?"

Nikabadilisha tarakimu. Nikabadilisha tena. Siku moja akaingia kona ile, nikiwa nimemwekea mvua yake, na mkia ukaondoka. Akajaribu kuurudisha. Akajaribu mara arobaini, nilizihesabu, kila namna dereva anayoijua. Mara zote arobaini tuliishia kwenye miti.

"Kumbe haikuwezekana," alisema. Akavua kofia akajifutia macho.

Fabricio hakupendezwa. "Nilda, watu wanafika kona ya pili, wanagonga, wanazima. Umetengeneza gari la watu kumi na wawili."

"Basi wale kumi na wawili watajua wameendesha gari."

Akacheka, akanimiminia chai chungu kwenye kibuyu, ya moto, kama anavyopewa mtu wa nyumbani. Hakuwahi kunipa ya baridi, ile ya mgeni asiyetakiwa, hata tulipogombana, na mimi mjinga nikadhani yamekwisha.

Alipoleta toleo la mwisho aliniambia nilipitie nitie sahihi. Nililiendesha siku nzima, kwa usukani, kama nilivyofanya siku zote. Ile rimoti ya mkononi, ya kuchezea kwa vitufe, sikuigusa. Nilikuwa naiita kijiko cha watoto, kila mtu alijua, na mtu wa kwanza kujua alikuwa Fabricio. Gari lilikataa pale lilipotakiwa kukataa. Nikatia sahihi.

Msaada wa kumshikia mchezaji gari aliuficha humo humo, kwenye rimoti. Ukishika usukani, gari ni la baba. Ukishika rimoti, gari linajishika lenyewe, linajirudisha barabarani, wala halikwambii. Wengine watasema ni ujanja wa biashara tu. Mimi nasema alichagua mahali ambapo kiburi changu hakiendi, akachimba hapo. Nilimchukia Jumapili ile, nilipogundua, na bado namchukia.

Baba ndiye aliyekwenda mwenyewe mlangoni kwa Delia. Alimwambia, "Njoo ukae kwenye usukani. Usiniamini mimi, liamini gari." Akaja klabuni Jumapili ile, na mkoba wake wa kanisani, na mjukuu. Kwenye usukani kulikuwa na foleni. Mtoto hakuweza kungoja, akaokota rimoti.

"Anselmo!" mtu mmoja aliita kutoka kwenye meza ya mvinyo. "Mtoto kalishika kwa vidole gumba!"

Wakacheka. Delia akainuka, akamshika mjukuu mkono, akapita mbele ya usukani bila kuutazama.

Nilimfuata Fabricio uani. "Ulijua ile ni kona gani."

"Nilijua." Alikuwa na sahani ya nyama mkononi, hakujua aiweke wapi. "Lakini umemwona yule mtoto alivyofurahi? Ulitaka amwone babu yake anakufa?"

Nilimwacha na sahani yake, nikarudi ndani. Swali hilo linanichoma mpaka leo.

Baada ya wiki nilikwenda kwa Bi Delia. Nilimweleza yote, usukani na rimoti, nini cha kweli na nini cha kuongezwa. Alisikiliza huku akimimina chai.

"Lile gari la usukani umelitengeneza wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na lile la mjukuu wangu, limeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Sasa, binti yangu," alisema polepole, bila hasira, "mimi mwanamke wa watu unataka niamini lipi?"

Akanipa kibuyu. Chai ilikuwa baridi. Niliinywa yote, nikamrudishia, nikatoka.

Baba alikuwa ananingoja garini. Alikuwa amekaa kiti cha msaidizi. Alinitazama usoni mara moja, kisha akafunga mkanda, akaniachia niendeshe.