Uzi wa Chasisi

Semi, lile lori refu la mizigo, ilikuwa imelala uani tangu siku ilipobiringika na dereva wake, Kipara, na tangu siku hiyo Kipara mwenyewe hakupata usingizi wa maana. Goti lake la kulia liligoma kukunjika. Familia ikakubaliana: gari likipona, mdogo wake ndiye atakayeliendesha. Yeye kazi yake ilikuwa kulifufua, pamoja na shemeji yake fundi wa kuchomelea, kaka wa mkewe.

Wakalifufua. Kebini iliyopondeka kama kopo waliing'oa, wakafunga nyingine. Chasisi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, waliinyoosha kwa moto, jeki na matusi. Kile chuma cha mbele kinachounganisha mbavu zake mbili kilikuwa hakifai tena, basi wakakata kipya wakakichomelea. Mkewe alianika soksi kwenye kioo cha pembeni, akisema walau sehemu moja inafanya kazi.

"Mgonjwa wako huyu, baba watoto, hafi wala haponi."

"Anapona."

"Ulisema hivyo nikiwa nanyonyesha. Mtoto mwenyewe sasa anajificha humo akikataa kuoga."

Kipara akarudi uvunguni. Alikuwa amechoka hata kubishana.

Asubuhi ya kulitoa, mdogo wake alifika na begi mgongoni na shati lililopigwa pasi. Akapanda, injini ikanguruma, semi ikasogea kuelekea getini. Shemeji akapiga makofi. Kipara alikuja nyuma akichechemea, macho chini asijikwae, na hapo ndipo alipoona alama kwenye udongo. Matairi ya nyuma hayakufuata ya mbele. Yalikaa pembeni.

"Simamisha," alisema. "Shemeji, lete uzi."

"Uzi tena? Tumepima mpaka uzi wenyewe umechoka."

Ndivyo walivyopima siku zote: uzi kutoka pembe ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Ukilingana, chasisi imenyooka. Wakaingia uvunguni wakauvuta. Ukalingana.

"Umeridhika?"

Kipara akauhamisha. Safari hii hakuuanzia kwenye chuma chao kipya. Aliuanzia nyuma ya chuma hicho, kwenye matundu ya ribiti, zile pini zilizogongwa kiwandani. Akavuta upande mmoja, akavuta wa pili. Tofauti ilikuwa upana wa kiganja.

Shemeji akakaa chini kwenye mafuta, suruali na yote.

"Siku ile tunakifunga," Kipara alisema polepole, "tulikisogezasogeza mpaka uzi ukalingana. Ndipo ukachomelea."

"Ndiyo."

"Basi uzi ungeachaje kulingana? Tulipima kazi yetu kwa kazi yetu."

Mdogo wake akainama dirishani. "Kaka, barabarani yamejaa magari yanayotembea kiupandeupande kama kaa. Hili litafika tu."

"Likiwa na mzigo? Kwenye mteremko, mvua inanyesha?"

"Nitalibembeleza."

"Mimi nililibembeleza lilipokuwa limenyooka."

"Nishawaaga watu, kaka. Nirudi niwaambie nini?"

Kipara alimtazama. Alijua mawili. Kuanza upya ni kung'oa kebini, injini, kila bolti waliyoilowesha jasho, na mikono yake haikuwa na miaka mingine ya namna hiyo. Na akiliacha lilivyo, leo watabishana, kesho atalainika, keshokutwa mdogo wake atakuwa ameondoka nalo.

Akachukua mashine ya kukatia, akajilaza uvunguni kwa taabu, akakata kile chuma cha mbele upande huu na upande ule. Cheche zilimwagika kifuani. Hakuna aliyemzuia. Chuma kikaanguka karibu na sikio lake.

Akaizima mashine. Mkewe akaja, akainama, akaona. Akampa mkono, naye akajivuta nao kutoka uvunguni.

Mdogo wake alikwishashuka. Alivua shati, akalitundika getini, akasimama na singlendi.

"Tunaanza na nini?" aliuliza, sauti kavu.

"Injini," Kipara alisema. "Hiyo ni nzima. Itapata mnunuzi."