Kidonge cha Mashine Namba Nne

Cherehani alikuwa amekwisha kuchagua nyanya nane. Akatia mkono mfukoni mwa koti la kazi kutafuta sarafu, na mkono ukatoka na sarafu peke yake. Akaurudisha. Akapapasa pembe zote za mfuko, akaugeuza na ule wa pili mpaka ukaning'inia nje. Kidonge hakikuwamo.

Muuza mboga alimuuliza kama ameibiwa. Cherehani alipapasa tena, jua la saa nane na nusu likimwakia.

Kidonge hakikuwa dawa. Kilikuwa kipande cheusi cha plastiki chenye sumaku ndani, kidogo kuliko kiberiti, kilichong'olewa kwenye mashine mbovu iliyotupwa nyuma ya kiwanda. Kiwanda kilitengeneza mikebe ya rangi, na mashine namba nne, aliyoiendesha miaka kumi na mmoja, ilikata vifuniko vyake. Mbele ya kinywa cha mashine hiyo palikuwa na kiwambo cha plastiki ngumu cha kupandisha na kushusha, na pembeni, kwenye fremu, swichi ndogo. Kiwambo kikiwa chini, ukikanyaga pedali, chuma kinashuka na kukata. Kiwambo kikiwa juu, hata ukikanyaga kwa miguu miwili, mashine haikusikii.

Aliyeiunda alikuwa na akili zake, ila hakuambiwa kwamba kiwambo kitachubuka mpaka kiwe kama dirisha la bafuni, wala kwamba ofisini watataka vifuniko elfu mbili kabla ya saa nane mchana. Kupandisha na kushusha mara elfu mbili ni kazi nyingine kamili isiyo na mshahara. Basi waendesha mashine wakajitafutia tiba. Ukikibandika kidonge kwenye swichi, mashine huamini kiwambo kiko chini hata kama umekipandisha mpaka mwisho, nawe unafanya kazi kinywa kikiwa wazi, macho yakiona, mikono ikiingia na kutoka.

Jambo hilo lilikuwa na adabu yake. Aliyekibandika ndiye anayekitoa kengele ya zamu ikilia, na hamwachii mwenzake asiyejua. Cherehani hakuwahi kukosea. Jina lenyewe walimpa kwa jinsi mikono yake ilivyokwenda. Walimtania kwamba ukimpa kitambaa asubuhi, kabla ya chai atakuvalisha suti.

Leo alikosea kwa sababu ya sifa. Robo saa kabla ya kengele watu wa ofisini walikuja na kamera. Mwaka mzima umepita bila ajali, walisema, na mfanyakazi bora wa mwaka ni yeye. Msimamizi akamwambia ashushe kiwambo na akipanguse ili kionekane vizuri kwenye picha. Akakishusha, akakipangusa, akatabasamu. Kisha wakamchukua moja kwa moja hadi ofisini, wakampa cheti, wakampigia makofi, na kutoka hapo akapitia mlango wa mbele kama mgeni wa heshima. Kidonge kikabaki kwenye swichi, nyuma ya ukingo wa fremu, mahali ambapo asiyejua hawezi kukiona.

Na aliyepokea mashine saa nane alikuwa asiyejua. Alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake, aliyekuwa katika wiki yake ya pili kazini. Cherehani mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi, na yeye ndiye aliyemfundisha. Kwa kuwa mgeni hapewi kidonge, alimfundisha njia ya halali. Siku ya kwanza wifi alitetemeka, akawa anavuta mkono kabla hata ya kuupeleka. Ili kumtoa hofu, Cherehani alikipandisha kiwambo, akamwambia akanyage pedali kwa nguvu zake zote. Akakanyaga. Mashine kimya. Akakanyaga tena.

"Umeona? Kiwambo kikiwa juu, huyu ni maiti. Kifuniko kikinasa, pandisha, tia mkono mpaka begani ukitaka."

Wifi alicheka, na tangu siku hiyo hakuogopa tena.

Cherehani aliziacha nyanya, akatoa simu. Simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe, kwa hiyo wifi hapatikani. Wa kupigiwa alikuwa mmoja tu, msimamizi. Alipopokea, nyuma yake mashine zilisikika zikigonga kwa pamoja, na Cherehani akajaribu kuisikia ya kwake.

Kilichotakiwa ni maneno manne: zima mashine namba nne. Alikuwa nayo kwenye ulimi. Lakini angeulizwa kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa kufukuzwa kazi, yeye na wengine sita wenye vidonge vyao, siku ileile aliyopigwa picha. Akasikia sauti yake ikimwomba msimamizi, kwa adabu, amwambie wifi yake ampigie simu, kuna jambo la nyumbani.

"Yuko kazini, dada, na leo anakwenda vizuri kweli," msimamizi alisema. "Mambo ya nyumbani yasubiri saa nne usiku."

Akakata. Cherehani alibaki ameishika simu sikioni. Baadaye angejaribu kuipima ile nafasi, alisimama pale kwa muda gani, dakika mbili au tano, akiwaza labda leo hakuna kifuniko kitakachonasa, labda wifi atakiona kidonge, labda. Aibu ya dakika hizo hakuna aliyemtia. Aliijua mwenyewe pale pale, na bado alisimama. Kisha akakimbia.

Hakuwa mtu wa kukimbia. Magoti yalimuuma, koti lilimzonga, watu walimpisha huku wakigeuka kutazama anafukuzwa na nani. Alipita maghala, akapita ukuta mrefu wa kiwanda, akafika getini pumzi zimekwisha. Mlinzi alikuwa na habari zake tayari. Akampigia saluti ya mzaha, akamwita bosi, akamuuliza kama amerudi kudai cheti cha pili. Kadi ya Cherehani ilikuwa imekwisha kusomwa kwa zamu yake ya asubuhi, na lango halikumfungukia.

"Waambie wazime namba nne," alisema. "Kiwambo hakifanyi kazi. Nimekitia kidonge mimi. Ni mimi."

Aliyasema yote, mbele ya mlinzi na madereva wawili waliosubiri mzigo, na kuyasema hakukuwa kugumu hata kidogo. Mlinzi aliacha kucheka, akashika simu ya ukutani. Hakuwahi kubonyeza namba. Ndani, sauti ya kiwanda, ile ngurumo ambayo watu wa mtaa ule walikuwa wamezoea kulala na kuamka nayo, ilikatika. Mashine moja, nyingine, kisha zote. Cherehani alikaa chini pale pale, kwenye vumbi la magurudumu.

Walipomruhusu kuingia, wifi alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali kwa gari la mizigo. Wenzake walisimama mbali na namba nne, hakuna aliyemtazama usoni. Kiwambo kilikuwa juu, kama alivyofundishwa. Kifuniko kilichonasa kilikuwa bado kimenasa. Msimamizi alimkaribia, akasimama baina yake na wale wengine, akasema taratibu bila kutikisa midomo:

"Kitoe."

Hapo ndipo Cherehani alipojua kwamba msimamizi siku zote alijua. Na mkono wake, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, ulikwenda nyuma ya ukingo wa fremu, ukakibandua kidonge, ukakitia mfukoni. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Msimamizi akashusha pumzi, akampa karatasi iliyokunjwa. Ni fomu ya ajali, alieleza, mkaguzi anakuja kesho. Mgonjwa ajaze mwenyewe au asaidiwe na ndugu. Aandike kwamba hakuwa makini, basi, yaishe. Ni mgeni, watu watamwelewa, na pengine watamwita tena.

Wifi alilala kitanda cha karibu na mlango, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene. Daktari alikuwa amemwambia ukweli bila kuuzungusha: vidole viwili havipo, cha tatu wataangalia. Mumewe alikuwa njiani. Alipomwona Cherehani, wifi alijaribu kuinuka, akashindwa, machozi yakamtoka.

"Nisamehe, wifi. Nimekuaibisha. Wewe ndiye uliyeniombea kazi."

Cherehani alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Najaribu kukumbuka nilikosea wapi," wifi aliendelea. "Nilikipandisha. Nina hakika nilikipandisha, halafu nikainama, mguu ukagusa pedali. Lakini haiwezekani, si ndiyo? Uliniambia haiwezi. Basi lazima sikukipandisha, ni kichwa changu tu kinanidanganya." Akaiona karatasi. "Ni ya kazini hiyo? Niandikie wewe, mimi mkono hauwezi. Andika sikuwa makini. Wasije wakaiharibia mashine jina."

Cherehani aliikunjua fomu kwenye goti. Sehemu za kujaza zilikuwa chache. Jina la aliyeumia, namba ya mashine, chanzo cha ajali. Ya kwanza na ya pili alizijaza upesi. Mbele ya ile ya tatu kalamu ilisimama. Kwenye korido alisikia viatu vya mtu akija mbio, akavitambua. Mdogo wake alikuwa akikimbia hivyo hivyo tangu utotoni, kisigino kimoja kikigonga zaidi kuliko kingine.

Akainama, akaanza kuandika. Mstari wa kwanza ukajaa, na wa pili. Nafasi ilipokwisha aligeuza karatasi, akaendelea mgongoni mwake.

"Mbona mengi, wifi?" mgonjwa aliuliza kwa sauti ya usingizi wa dawa. "Si maneno mawili tu?"

"Subiri kidogo," Cherehani alisema. "Sijafika ulipoingia wewe."