Jina la Thavry

…na usimcheke Bibi Hom, wewe unayesema wafu hawali, subiri ufe uone, maana wafu wa hapa kwetu hufunguliwa mlango wa kuzimu siku kumi na tano tu kwa mwaka, midomo yao myembamba kama tundu la sindano, wazunguke mahekalu saba wakitafuta ndugu zao, na asiyesomwa jina hali, ndiyo maana karatasi ya majina ya kusomwa hekaluni iko gotini kwa Chenda, bintiye wa mwisho, mwenye nyumba wa kesho, na bibi anafunga wali wa kunata kwenye majani ya mgomba, Chenda anauliza, "Baba tayari, babu tayari, nani tena, mama?"… nani tena, watawa wa hekaluni ni wanaume, wasome kwa sauti nene wanavyotaka, lakini nani ale na nani alale njaa huamuliwa hapa jikoni, "Mwandike mjomba wako, mlevi yule, asije akatutia nuksi," Chenda anacheka, "Mama, hata kaburini humwachi!" kisha kwa ile sauti ya upole inayomuudhi mama yake, "Na dada Thavry?"… Thavry ana miaka minane, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya chawa, anapandishwa mkokoteni wa ng'ombe kwenda kambi ya watoto, wale askari wa mapinduzi wa nguo nyeusi wamesema atarudi baada ya mavuno, na mavuno yamepita arobaini na ngapi, hakuna maiti, hakuna mfupa, na aliye hai hasomwi pamoja na wafu, ni kumuua kwa mdomo wako mwenyewe, "Mama, labda ana njaa"… nyamaza, wewe ulizaliwa baadaye, unajua nini wewe… labda ana njaa, anafika hekalu la kwanza, la pili, anatega sikio, baba yake anaitwa, mlevi anaitwa, mlevi anakula!, la saba, hasikii lake, na hathubutu kuomba, alifundishwa asiombeombe chakula kwa watu, nani alimfundisha kama si mama yake, huyu aliyemweka hai miaka yote kwa kutomwandika, asije akabaki bila mwanawe, basi nani anamnyima mtoto, wale wa nguo nyeusi walishaondoka zamani… kalamu imesimama palepale, wali unafuka palepale.

"Andika," akasema Bibi Hom. "Na wali wake usiutie nyama ya mafuta. Haipendi."

Akainuka, akatoka, akafunga mlango.